Oksijeni Moja Iliyonipotea

Mpaka leo nikisikia mtu akisema kemia ni rahisi, hasira zinanipanda. Mimi kemia ilinimaliza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nikiwa darasa la mwisho la sekondari huko Kitui, mbali na kwetu Kasikeu. Nilitaka kitu kimoja tu, kwenda kusomea udaktari msaidizi, na bila kupita kemia huendi. Baba, ambaye hakujua kusoma, alikuwa ameshasimama kanisani akatangaza kwamba mwanawe atakuwa daktari. Watu wakaitikia amina. Sasa ukianguka utarudi useme nini?

Kilichonishinda ni milinganyo. Mwalimu wetu, mtu wa Kitui mjini ambaye wazazi wake walitoka pwani, aliandika ubaoni kwamba hidrojeni ikiungana na oksijeni tunapata maji. Akanisimamisha nilinganishe pande mbili. Nikatazama kushoto, hidrojeni ipo, oksijeni ipo. Nikatazama kulia, ndani ya maji zote mbili zimo. Nikamwambia ziko sawa, nikarudi kukaa.

Msinicheke bado. Kwetu mifugo haihesabiwi. Ukinyoosha kidole useme moja, mbili, tatu, unaita kifo zizini. Mbuzi wakirudi unawaangalia sura: yule mwekundu ameingia, yule kilema ameingia, yule aliyezaa mapacha ameingia. Nilichunga hivyo miaka yote na sikupoteza hata mmoja. Basi na kemia nikaichunga vivyo hivyo, nikasahau kwamba oksijeni zote zina sura moja.

"Kushoto oksijeni ni ngapi?" mwalimu akauliza.

"Mbili, mwalimu."

"Na kulia?"

"Moja."

"Hiyo nyingine umeipeleka wapi?"

Darasa zima likacheka. Kwa aibu nikachukua chaki, nikaongeza oksijeni moja ndani ya yale maji.

"Hayo si maji tena, bwana mdogo," akasema. "Hebu yanywe tuone."

Nilikaa na kosa hilo muhula mzima. Wenzangu walielewa kwamba maji huyagusi ndani, unaongeza idadi ya maji yenyewe, kisha unarudi kushoto kuongeza hidrojeni. Mimi macho yalikuwa yanapita juu juu, yanaona kila mmoja yupo, yanaridhika. Kuna siku nilijifungia stoo ya majembe nikalia kama mtoto. Nilijichukia. Mwishowe nikajilazimisha kuweka kidole juu ya kila herufi na kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, huku mwili ukinisisimka. Milinganyo ikaanza kukubali. Lakini nikawa siamini tena macho yangu hata kidogo.

Siku ya mtihani swali la kwanza lilikuwa la chuma na mvuke wa maji. Ukipata chuma, oksijeni inakataa. Ukipata oksijeni, hidrojeni inazidi. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Mwishowe nikaupata mlinganyo, chuma tatu, maji manne, na kule kulia hidrojeni nne. Mtu mwenye akili angeendelea mbele. Mimi nikahesabu upya, kidole juu ya herufi, halafu tena, na tena, nikiogopa kuna moja imenitoroka. Kengele ikalia. Maswali mengine yote ya kemia sikuwa nimeyagusa.

Barua ililetwa nyumbani na mzee wa kanisa. Baba aliniita, akakaa kwenye kiti chake, akavua kofia kama mtu anayengoja maombi, akasema nisome. Nikasoma kwamba nimeanguka kemia na nafasi ya udaktari sikupata.

Hakukasirika. Afadhali angenichapa.

"Soma tena, mwanangu," akasema. "Polepole. Labda kuna mahali umeruka."

Nikasoma tena, neno kwa neno. Hakukuwa na mahali nilipokuwa nimeruka.