Kumsindikiza Mgeni Kobero

Mdogo wangu Swabra ameolewa Kobero, mpakani mwa Burundi na Tanzania, na mwaka jana nilikwenda kumchukua. Sikwenda kutembea. Nasema hivyo kwa sababu huku Gitega wateja wa cherehani yangu waliniuliza nimewaletea nini, kana kwamba kuna mtu anakwenda Kobero kustarehe. Malori yamepanga foleni kungoja forodha, madereva wanaoga kwa ndoo nyuma ya matairi, na mtu anakusalimia kwa Kirundi halafu anakutania kwa Kiswahili kabla hujavuka barabara. Hata saa ni mbili. Ng'ambo, Kabanga, wametangulia saa nzima, na saa ya simu yangu ilishinda ikirukaruka kati ya nchi hizo.

Mume wake, Twaha, alipanda lori la Kahama miaka mitatu iliyopita. Hajarudi wala hajatuma talaka. Swabra si mke, si mtalaka. Anakaanga chapati za madereva mlangoni, anateka maji, anamkanda mama mkwe miguu. Mgeni akija humfurahia kupita kiasi, na sikukawia kujua sababu: kumsindikiza mgeni mpaka stendi ndiyo ruhusa yake pekee ya kutoka. Mama Twaha humwambia, "Musindikize, mutoto abaki na mi." Mtoto hubaki, na Swabra hurudi.

Yule mama simpendi, nasema wazi, ingawa alinipikia sombe ya majani ya muhogo na dagaa wetu wa ndagala kila siku na akanikataza hata kuosha sahani. Tukiwa tunakula nilimwambia, "Mama, mi nataka Swabra tuende naye Gitega, yeye na Shakila. Twaha hakuyi tena, harudi."

Alitafuna mpaka akamaliza. "Mi sijamufunga kamba," alisema.

Nikamjibu moyoni kwamba kamba anayo, ina miaka sita na inaitwa Shakila.

Asubuhi ya safari alirudia yale yale. "Musindikize dada yako. Mutoto abaki na mi." Nusura nimrukie. Swabra alijifunga kitenge tukatoka, na njia nzima watu walimsalimu "amahoro" bila kumshangaa, maana wameshazoea kumwona akisindikiza.

Petroli ilikuwa adimu, na gari la Muyinga, njia ya Gitega, lilikuwa moja tu. Nilimshika mkono.

"Panda. Mutoto tutamurudilia."

"Dada, acha."

"Utaozea hapa, we!"

Watu waligeuka kututazama. Alikuwa anavuta mkono wake huku analia, nami sikumwachia.

Hapo tukamwona Shakila anakuja mbio, peku, na mfuko kichwani. "Bibi anasema tuende wote na mama mukubwa," alisema akihema. Ndani ya mfuko mlikuwa na nguo zake, nguo za mama yake, na chapati za njiani zikiwa bado za moto.

Nilipiga kigelegele pale pale stendi. Dereva alisogeza mizigo wapate kukaa. Swabra alizigusa zile chapati, kisha akakaa chini kando ya barabara, akalia kama siku tuliyomzika baba.

"Swabra, panda. Gari inaenda."

"Alipokuwa anashika mutoto, kila siku nilipanga namna ya kumukimbia," alisema. "Sasa ameniachia. Nitamukimbia namna gani? Iko peke yake, dada. Hana mutu."

"Na we uko na nani?"

Nilimtukana, sifichi. Nilimwambia kikongwe kamweza, tena kwa chapati. Labda ni ujanja, labda alimwachia kweli, na mpaka leo sijui, na kutojua huko kunanikera zaidi.

Dereva alipiga honi, nikapanda. Swabra alinipakatisha chapati zote, akanifungia mlango mwenyewe. Gari lilipoondoka niligeuka nyuma nikawaona wakipandisha barabara katikati ya malori. Alikuwa anamvuta mtoto mkono, karibu wakimbie, asije yule mama akadhani wameshaondoka.