Mama Chaza na Maji ya Kusuuzia

Kwenye maabara walimwita Mama Chaza, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kufungua chaza kwa kisu kifupi, kuwasaga, kuwachuja, kisha kudondoshea maji yao kwenye visahani vyenye seli za kinga, wale askari wa mwili, na kuangalia kama zitaamka. Baada ya miaka kumi na moja viganja vyake vilijaa makovu, na paka wa mtaa mzima walimjua kwa harufu.

Mwaka huo seli ziliamka. Ziliamka hasa! Daktari, bosi wake, akaanza kuandaa hotuba ya mkutano mkubwa. Nyumbani, baba yake, fundi cherehani mstaafu aliyekuwa akijikongoja baada ya homa ya mapafu, aliposikia habari hizo akakaa mkao wa kula.

"Mwanangu, nichotee kikombe kimoja tu."

"Baba, hayo nimezipa seli kwenye kisahani. Sijampa mtu."

"Basi nifanye mimi kisahani."

Alicheka, lakini hakuleta. Hata hivyo ombi lile lilimkosesha raha. Kesho yake, ili ajiridhishe tu, alichota kwenye pipa maji ya kusuuzia chaza, kabla hayajagusa chaza hata mmoja, akazidondoshea seli. Zikaamka vilevile. Akarudia mara tatu. Akayapima maji yale: kumbe pipa lilikuwa na uchafu wa bakteria, na huo ndio uliokuwa ukizishtua.

Akajikaza, akaingia kwa daktari na kumweleza bila kupindapinda.

Daktari alivua miwani. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe tu."

"Basi waite wenzako tuwaambie," akasema, akaikunja hotuba yake.

Walianza upya kwa maji safi. Miezi minne baadaye seli ziliitikia kidogo, kama mtu aliyeguswa bega usingizini. Kidogo, lakini safari hii ni chaza kweli.

Baba naye alikuwa amepona, kwa vidonge vya hospitali na supu ya binti yake. Aliposimuliwa yote, aliuliza, "Kwa hiyo ulijikamata mwenyewe?"

"Nilijikamata, baba."

Wiki nzima mzee hakumwacha jirani apite dirishani pake. "Umesikia alichofanya binti yangu?" alianza, na ole wake aliyekuwa na haraka.