Jua Halikumrusha Mbuzi wa Namakwekwe

Uliiona video ile. Usijifanye.

Mbuzi anaruka kwa miguu yote minne kwenye matope ya bomba la msikiti, hapa Namakwekwe, Mbale. Ukacheka, ukamtumia shemeji yako, ukapita zako.

Mimi nilicheka kuliko wewe. Banange, jamani, nilikuwa na sababu!

Tangu dhoruba ya jua ya Mei 2024 nawapigia kelele: jua likichafuka, sumaku ya dunia inatikisika, umeme unazaliwa ardhini. Mkaniita Mama Jua. Walionicheka nawakumbuka wote, kwa majina.

Sasa mbuzi kanitetea! Nikachomeka vyuma viwili kwenye matope, nikaunganisha mita ya kupimia umeme.

Volti arobaini! Nikaruka juu kumshinda mbuzi.

Nikampigia Isabirye, rafiki yangu wa Jinja. Kompyuta yake hupokea vipimo vya sumaku ya dunia, hupiga hesabu na kubashiri umeme utakaopita ardhini, Jinja mpaka Mbale.

"Isabirye! Dhoruba ya jua imefika!"

"Dada Nulu, jua limetulia wiki nzima. Hesabu inasema karibu sufuri."

"Hesabu yako mbovu! Mbuzi anaruka!"

"Dhoruba kali kabisa ingeleta volti chache kwa kilomita nzima. Ndiyo maana tunahofia nyaya ndefu. Huyo mbuzi wako ana urefu wa kilomita ngapi?"

Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Halafu kicheko kikanikauka.

Kama si jua, ni umeme wa mtu. Na leo Ijumaa. Watu wanakuja kutawadha, peku, kwenye matope yale yale.

Nikakimbia, nikatanua mikono mbele ya bomba. "Hakuna kusogea! Wenye maduka, zimeni umeme, mmoja mmoja!"

"Mama Jua kapiga marufuku udhu!" akapayuka Nasif, fundi wa kuchomelea vyuma, yule yule aliyepiga video. Watu hoi kwa kucheka.

Duka la kwanza likazima umeme. Mita bado inasoma volti arobaini. La pili, arobaini.

"Zamu yako, Nasif."

"Mimi tena?" Akazima swichi kubwa, anacheka bado.

Sufuri.

Waya wa mashine yake ulikuwa umechubuka, umelalia bomba la chuma chini ya mchanga. Na yeye mwenyewe alikuwa ameshavua viatu, suruali kaikunja, birika mkononi.

"Mama," akasema polepole, "nilikuwa wa kwanza kwenye foleni."

Tulicheka tena siku ile, wote, kicheko cha watu walio hai. Ile sufuri ya Isabirye ndiyo iliyotuokoa: bila kujua jua linaleta kiasi gani, ningelisingizia jua mpaka tuzike mtu.

Sasa wewe. Ukiona mnyama anaruka kwenye maji, zuia watu kwanza, video baadaye. Zunguka nyuma ya nyumba yako, tafuta waya uliochubuka karibu na bomba. Usiuguse. Zima swichi kubwa, ita fundi.

Bado unasoma? Inuka!