Vidole Saba na Mashine ya Kunusa Chuma

Siku mwanamume huyu alipomwona Mzee Saba kwa mara ya kwanza, watu wote pale kwenye kiwanda cha kupasua mbao walikuwa wamelala kifudifudi kwenye unga wa mbao. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama getini, kofia mkononi, akijikusanya ili aombe kazi ya kufagia. Msumeno wa mviringo ulikuwa unapasua gogo. Ghafla ukapiga yowe, kitu kikapita hewani na kutoboa bati la paa. Injini ikazimwa. Hakuna aliyenyanyua kichwa, isipokuwa mzee mmoja mfupi, suruali yake imefungwa kwa kamba, ambaye alisimama taratibu kando ya msumeno, akainua mikono yake miwili mbele ya macho, akaanza kuhesabu kwa sauti.

"Kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano, sita, saba." Akashusha pumzi. "Vipo vyote. Amkeni nyie, mtalala mpaka lini?"

Watu wakacheka huku wakijikung'uta.

Huyo ndiye Mzee Saba, mpasuaji. Vidole vitatu vilivyopungua vilichukuliwa na msumeno uleule, viwili kwa mpigo mmoja, cha tatu siku nyingine, na mara zote chanzo kilikuwa chuma kilichojificha ndani ya mti. Magogo ya msituni yalikuwa yameadimika. Mengi yaliyoletwa pale yalitoka uani kwa watu na kando ya barabara, na mti wa mtaani kila apitaye ameugongomea kitu: msumari wa kamba ya nguo, kibao cha fundi cherehani, waya wa ua. Miaka ikipita gome hufunika, na nje huoni hata kovu. Jino la msumeno likigonga msumari wa namna hiyo hung'oka na kuruka kama risasi. Ndiyo maana paa la kile kiwanda lilikuwa na matundu, na mchana jua lilishusha vidoa vya mwanga sakafuni. Tundu moja tu halikuwa kwenye paa. Lilikuwa kwenye ubao wa ukuta, usawa wa kifua cha mtu. Mpasuaji wa zamani alikuwa amesimama mbele ya ubao huo, na hakuna aliyependa kumzungumzia.

Yule mwanamume wa getini akapewa ufagio. Haikuchukua muda wakambandika jina la Bubu. Hakuwa bubu. Alikuwa mtu wa makamo mwenye mke na watoto, ila tangu utotoni haya zilimtawala. Mbele ya watu ulimi wake uligoma kama punda mtopeni. Salamu alizijibu kwa kichwa. Mzee Saba peke yake hakumcheka. Wakati wa chai alimsogezea kigoda, wakanywa kimya, mzee akiwa ameshika kikombe kwa viganja viwili kwa sababu mkono wa kulia ulibaki na vidole viwili tu.

"Wewe nakupenda," alimwambia siku moja. "Tangu mke wangu afariki sijapata mtu wa kunyamaza naye."

Siku moja bosi alikuja na gunia la unga, akatoa ndani yake fimbo ndefu ya bati yenye sahani nyeusi chini, kisanduku chenye vifungo juu, na hedifoni za kuvaa masikioni, zilizofungwa kwa utepe. Alikuwa ameinunua kwa mtu aliyechoka kutafuta dhahabu mtoni.

"Hii inanusa chuma," akasema. "Unaipitisha juu ya gogo. Pakiwa na msumari, italia. Nani ataishika?"

Watu wakatazamana. Kifua, msukumaji wa magogo, kijeba mwenye sauti ya tarumbeta, akasema, "Bosi, mpe Bubu. Masikio yake hayajachoka, hayasikii hata maneno yake mwenyewe!"

Wakavunjika mbavu. Bosi hakucheka. Akamkabidhi Bubu mashine, na jozi ya buti nzito juu yake, maana magogo yatamkanyaga.

Jioni hiyo Bubu aliibeba mashine mpaka nyumbani kujifunza. Haikuwa na maelezo yoyote. Akaiwasha, ikalia mfululizo kama chai ya moto inayonywewa kwa pupa, akaifungua fimbo na kuifunga tena, haikunyamaza. Baadaye akagundua kuwa lazima azungushe kifungo kimoja hadi inyamaze yenyewe kwenye udongo mtupu, ndipo aanze. Akafukia msumari, akapitisha sahani: mlio mzito uliokatikakatika. Akafukia kifuniko cha soda: mlio mwembamba. Akajifunza kutoipeperusha kama mtu anayefyeka nyasi, bali kuipitisha polepole, chini kabisa, na kila mstari ulale juu ya ule uliotangulia.

"Baba watoto," mkewe akaita kutoka jikoni, "kijiko changu cha kupakulia umekizika wapi?"

"Kiko... kiko pale karibu na ndoo."

"Karibu na ndoo wapi? Uani kote umechimba kama panya! Jirani ameshaniuliza kama tumepata hazina. Nimemwambia tumepata, tunatafuta kijiko cha kuichotea."

Alikipata kijiko kwa mashine. Ndicho kitu cha kwanza alichokipata maishani mwake kwa kusikiliza.

Kiwandani mambo yakamgeuka. Gogo la kwanza likalia ubavuni karibu na chini. Akachora msalaba kwa chaki, Mzee Saba akatwaa shoka na patasi, akachimba. Hakuna kitu. Gogo la pili likalia, likachimbwa, hakuna. La tatu vilevile, na lilikuwa gogo zuri, lililonyooka, sasa lina shimo la kulaza kuku.

"Bubu anasikia simu za marehemu!" Kifua akapaza sauti.

Bosi alikuja akatazama shimo, akamtazama Bubu. "Nisikilize. Gogo jingine zima likichimbwa bure, mashine inarudi kwenye gunia, na wewe unarudi kwenu. Sina ufagio wa kukupa."

Bubu alipiga magoti mbele ya gogo la nne, akapitisha sahani huku jasho jembamba likimtoka. Ikalia tena. Mzee Saba alikuwa amechuchumaa kando, akitazama. Hakutazama gogo.

"Rudisha mguu wa kushoto nyuma," akasema.

Bubu akarudisha. Mlio ukanyamaza.

"Ulete mbele."

Ukalia.

Mzee Saba akakunjakunja uso, kicheko kikimtoka puani. "Vua buti, mdogo wangu. Ncha zake zina chuma. Tumechimba magogo matatu kutafuta vidole vyako vya miguu!"

Tangu siku hiyo Bubu alifanya kazi kwa kandambili za plastiki, mkanda amevua, suruali imefungwa kwa kamba kama ya mzee. Mashine ikaanza kusema kweli. Zikatoka misumari, zikatoka kulabu, ikatoka mpaka nusu ya kufuli. Mzee Saba akaweka utaratibu, kwa sababu injini ikinguruma hakuna asikiaye neno: gogo likiwa salama, Bubu ataliwekea alama ya vyema kwa chaki kwenye uso wa mkato. Alama isipokuwepo, breki ya toroli linalopeleka gogo kwenye msumeno haifunguliwi. Alama ikiwepo, mzee hatauliza. Mashine haikuweza kutumika gogo likishapandishwa, maana toroli na reli zake ni chuma kitupu, na hapo ingelia tu bila maana. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea ile chaki.

"Sasa vidole vyangu viko mfukoni mwako," mzee akamwambia. Alisema kama utani. Bubu hakulala vizuri.

Kisha likaja gogo la shule. Lilikuwa pana kuliko meza, limekatwa kwenye uwanja wa shule moja kuukuu, na mnunuzi wake alikuwa ameshafika na lori, anatembea huku na huku na bosi. Bubu akalipitia upande wa juu na mbavu zote mbili. Kimya. Ila pembeni kabisa ya ubavu wa pili, karibu na mahali gogo lilipolalia ardhi, alisikia kitu kama mtu anayesafisha koo kwa mbali. Akarudia, hakikurudi. Alihitaji ligeuzwe ili asikilize tumbo lake, nalo lilihitaji watu wanne. Akavua hedifoni, akaenda bombani kunywa maji, huku akijipanga atakavyowaomba. Alikuwa akilipanga sentensi hiyo kichwani, neno baada ya neno, kama kawaida yake.

Aliposikia injini imewaka, alidhani ni ya lori.

Akageuka. Gogo la shule lilikuwa juu ya toroli, linaelekea kwenye msumeno. Kwenye uso wake wa mkato kulikuwa na alama ya vyema, nyeupe, kubwa. Kifua alikuwa amesimama kando, ameshika kipande cha chaki, na alipomwona Bubu akamwinulia dole gumba: nimekusaidia, kaka, nimekumalizia. Mzee Saba alikuwa mahali pake, mkono wenye vidole viwili juu ya breki, kichwa kimeinama karibu na msumeno, anapima kwa jicho kama siku zote. Ameiona alama. Hakuwa na sababu ya kuuliza.

Bubu akafungua mdomo. Haikutoka hata pumzi.

Kandambili zikamtoka mguuni. Alikimbia pekupeku juu ya maranda, akamsukuma mnunuzi, akarukia reli na kusimama katikati, mgongo wake kwenye msumeno unaozunguka, kifua chake kwenye gogo linalokuja. Upepo wa meno yale aliusikia kwenye shati. Akanyoosha mikono miwili mbele, kana kwamba gogo la uzito ule linaweza kuzuiwa kwa viganja.

Mzee Saba akavuta breki kwa mwili mzima. Toroli likalia, likateleza, likamgusa Bubu viganjani, likasimama.

Injini ikazimwa. Msumeno ukaendelea kuzunguka wenyewe nyuma yake kwa muda, ukipunguza mwendo, ukipunguza, mpaka ulipotulia.

"Umerogwa?" bosi akafoka. "Unataka kunifungisha jela?"

Bubu akaonyesha ile alama. Akatikisa kichwa.

Mzee Saba akashuka, uso umekuwa wa kijivu kama majivu. "Hii si yako?"

Kichwa: hapana.

Wote wakamgeukia Kifua, ambaye ile sauti ya tarumbeta ilimwishia. "Nilidhani amemaliza... Kila siku yeye huwa anasimama tu..."

"Shusheni gogo," mzee akasema.

"Mzee, mteja anangoja," bosi akasema.

"Basi pasua wewe, bosi. Vidole unavyo kumi."

Likashushwa, likageuzwa. Bubu akavaa hedifoni, akaanza tumboni, polepole, watu wote wamemzunguka. Kimya. Akarudia. Kimya. Mnunuzi akatazama saa. Mara ya tatu akalala kabisa ubavu, sahani ikigusa gome, pale palipokuwa na kinundu cha tawi lililokufa zamani. Mbali sana, chini sana, kile kikohozi kikarudi. Akachora msalaba.

Mzee Saba akapiga shoka. Akapiga tena. Vibanzi vikaruka, shimo likafika kiganja, likapita, mti ni mweupe na safi. Akabadilisha akashika patasi. Hakuna kitu. Bosi alikuwa ameanza kutikisa kichwa. Mzee akasimama, akapangusa jasho, akamtazama Bubu.

"Niendelee?"

Bubu akaitikia kwa kichwa.

"Hapana. Si kwa kichwa. Humu mna kazi yako na mna mikono yangu. Waambie hawa, kwa mdomo."

Macho yote yalikuwa juu yake. Alihisi masikio yakiwaka moto. Alitazama lile tundu la ukutani, la usawa wa kifua.

"Endelea," akasema. Kisha, kwa sauti iliyomshtua mwenyewe, "Chimba, mzee! Chuma kimo humu!"

Patasi ikaingia mara mbili zaidi, ya tatu ikagoma na kulia ngaa. Mzee akafukua kwa kidole. Mnyororo. Pingili nene kama kidole gumba, moja ndani ya nyingine, zimezama kwenye moyo wa mti. Mnyororo uliowahi kuning'iniza kengele ya shule kabla mti haujaumeza wote. Ulilala kwenye mstari uleule ambao Mzee Saba alikuwa ameupima kwa jicho.

Mnunuzi alivua kofia. Kifua alitoka nje, akaitupa ile chaki nyuma ya rundo la magome. Mzee Saba akakaa juu ya gogo, akaomba maji, akakimaliza kikombe. Akakiweka chini, akaitazama mikono yake, na siku hiyo hakuhesabu.

Akaendelea kupasua kwa miaka kadhaa baada ya hapo. Alama ya chaki ilibadilishwa, ikawa Bubu mwenyewe aje mpaka mahali pa breki aseme kwa mdomo, "Ni salama," hata kama ni mara ishirini kwa siku. Mara za kwanza alilitoa neno hilo kama mtu anayeng'olewa jino. Kisha likazoea njia.

Macho ya mzee yalipoanza ukungu, binti yake alimwita akaishi kwake, mji mwingine. Aliondoka kwa lori la mbao, amekaa mbele pembeni ya dereva, begi magotini. Bubu alisimama getini, palepale aliposimama siku ya kwanza, kofia mkononi, na kama siku ile alikuwa na maneno mengi yaliyopangwa vizuri yasiyotaka kutoka. Lori likaanza kusogea. Mzee Saba akatoa mikono yote miwili dirishani, akaifungua.

"Haya, mdogo wangu, hesabu," akasema. "Kwa sauti, hata injini isikie."