Siku Niliyomwita Mzee Kikoti

Habari hii sipendi kuisimulia, hata mke wangu haijui, lakini kwa kuwa mmeniuliza kwa nini sifanyi mzaha mbele ya watu, haya, sikilizeni aibu yangu.

Ilikuwa miaka ile ya sabini, watu wanahamia vijijini, nami nilikuwa karani wa kijiji kimoja huko Kilolo, kijana wa suruali za bugaluu na majivuno. Orodha ya viwanja tulikuwa nayo nakala mbili, moja yangu, nyingine ya Balozi Mhema, mzee wetu wa nyumba kumi, ambaye alizunguka nayo nyumba kwa nyumba akiandika mabadiliko kwa penseli. Kabla ya kila mkutano tulikaa tukasomeana, na mahali nakala zisipopatana tulisimama, tukaulizana mpaka ukweli ujulikane, ndipo tukatoa orodha moja. (Mzee alisoma kwa kidole, neno kwa neno, asubuhi nzima inakwisha.)

Sasa nikapelekwa Mbeya wiki tatu kujifunza kupiga taipu, nikarudi na cheti, na cheti kile kilinivimbisha kichwa. Siku ya kugawa viwanja Balozi akaja ofisini mapema na nakala yake, akaniomba tusomeane kama kawaida, nikamwambia aiache tu mezani. Nikajitungia sheria yangu: familia mpya aliyoiandika naiongeza, lakini tukipishana nafuata ya kwangu, maana yangu imepigwa taipu na penseli inafutika. Nusu saa nimemaliza, nikagonga mhuri huku napiga mluzi.

Mkutanoni, mgeni kutoka wilayani alikuwa ameshatangaza kwamba asiyeitika mara tatu kiwanja chake anapewa anayefuata kwenye orodha. Nikaita majina vizuri tu, sauti imenyooka, mpaka kiwanja cha karibu na kisima, kile ambacho kila mtu alikitamani. Nikamwita Mzee Kikoti. Kimya. Nikamwita tena, kimya kizito zaidi, na mimi (Mungu anisamehe) nikaona watu wamenuna, ngoja niwachekeshe.

"Labda bado amelala," nikasema, "ulanzi aliokunywa jana haujamwachia."

Hakucheka mtu. Nikaita mara ya tatu, mgeni akasema apewe anayefuata, na jirani mmoja akaitika. Ndipo Mama Kikoti akasimama pale mbele, amejifunga kaniki ambayo mimi nilidhani ni ya baridi.

"Amelala kweli, mwanangu," akasema. "Tulimzika ukiwa Mbeya. Balozi aliniandika mimi."

Nikafunua karatasi zangu. Nakala ya Balozi nilikuwa nayo mkononi, chini ya ile ya taipu, na jina la mama lipo, penseli imekolea kabisa. Mgeni akaniuliza kama orodha yenye mhuri ina makosa. Balozi Mhema akanitazama, akangoja. Nami niliogopa kazi yangu, nikajibu kwamba orodha ni sahihi, na mzee wa watu hakunibishia, alivua kofia yake tu akaikalia.

Mama Kikoti akapewa kilichobaki, mlimani juu, yeye na watoto wake watatu. Kila asubuhi alipita mbele ya ofisi yangu na debe la maji kichwani, na kila asubuhi alinisalimu, "Kamwene, karani," bila kinyongo, nami niliitika nikitazama sakafu. Afadhali angenitukana.

Niliacha ukarani mwaka uliofuata. Tangu hapo karatasi mbili zikigombana mbele yangu, naweka kalamu chini na kwenda kumuuliza mwenye jina, hata kama anakaa mbali kama Ubaruku. Lakini orodha ile niliiacha kabatini na mhuri wake, na ndani yake Mzee Kikoti ameitwa mara tatu na hakufika.