Taulo za Kila Mwezi

Kitambaa cha taulo kina vituko vyake. Vijitanzi vya uzi vimesimama juu yake kama nywele za mtu aliyekanyaga nyoka, na ukikosea ukavuta kimoja, mstari mzima unafumuka. Manyoya yake yaliruka yakaingia kwenye chai ya fundi, kwenye kope zake na hata kwenye kitana chake, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Manyoya. Miaka nenda miaka rudi alishona vitambaa vya kuwafunga watoto shingoni wanapolishwa. Oda ya maana hakuwahi kuiona.

Kwa hiyo siku dereva wa shule ya bweni ya wasichana alipoingia kibandani na kutaja taulo, nusura Mama Manyoya ampishe kiti chake mwenyewe.

"Matroni anataka taulo za wasichana," alisema dereva, macho ukutani.

"Za ukubwa gani, kaka?"

"Aa, dada, si unajua mwenyewe. Wewe ni mwanamke."

"Kwani taulo ya mwanamke ina kipimo chake?"

"Fanya ya kutosha tu. Iwe nene. Ni zile… za kila mwezi." Akatoka kama anafukuzwa.

Wifi yake Mama Manyoya, aliyekuwa kwenye cherehani ya pili, akaguna. "Kila mwezi taulo mpya? Hao watoto wanaogea lami?"

"Watoto wa wakubwa hao, wifi. Shona."

Wakashona. Kila taulo ilitoka kidevuni hadi magotini, pindo maradufu, na kitanzi cha kutundikia.

Matroni alikuja kuchukua mzigo mwenyewe, mwanamke mpana mwenye sauti ya kengele. Akakunjua taulo moja, ikamfunika mwili mzima. Akachungulia kwa juu.

"Mama, hii mtoto anaivaaje?"

"Anajifunga, matroni. Akitoka kuoga."

"Niliagiza taulo za hedhi!"

Mlangoni, dereva alikumbuka ghafla kwenda kukagua tairi lisilo na tatizo lolote.

"Hizo si pedi?" Mama Manyoya akaruka. "Pedi ni pedi, taulo ni taulo! Nani kazibatiza?"

"Sijui nani, mama. Dukani zimeandikwa taulo, redioni zinaitwa taulo. Ninachojua wasichana wangu wanafungua shule Jumatatu, na kama huna, oda yote naihamishia kwingine."

"Tumeshona mablanketi ya hedhi," wifi akanong'ona, na hakunong'ona vizuri.

Mama Manyoya akaitazama taulo mikononi mwa matroni. Oda yenyewe ndiyo hii, na inatoka mlangoni inajiendea. Akaichukua taulo, akaikunja mara mbili, mara tatu, kisha mikono ikasimama. Mikunjo ile aliijua. Siku mama yake mzazi alipomkuta analia bafuni, hakwenda dukani wala hakutoa hotuba. Alichana taulo kuukuu ya baba, akaikunja hivi hivi. Masikini baba! Aliisaka taulo yake wiki nzima, akawasingizia majirani.

"Kumbe waliobatiza hawakuwa wajinga," alisema. "Wifi, mkasi."

"Unakata? Pindo zangu zile?"

"Zako na zangu. Kata!"

Akaweka tabaka za taulo katikati, pamba laini juu, mabawa mawili na kifungo cha kubana, akaishona ikawa pedi. Matroni akaigeuza, akaivuta, akaiminya kwa kidole gumba. Halafu akachukua glasi ya maji mezani akaimimina yote juu yake. Vijitanzi vikanywa. Akatandika leso kavu juu, akakandamiza, akaiinua leso dirishani. Haikuwa na tone.

"Zinafulika?"

"Wewe umeona wapi taulo isiyofulika?"

Matroni akaliangalia rundo la taulo, akaiangalia mikono ya mafundi wawili, kisha akaning'iniza mkoba wake kwenye msumari.

"Jumatatu si mbali. Mkasi mwingine uko wapi?" Akageukia mlango. "Na wewe dereva, hilo tairi limeshapona! Njoo ubane vifungo."

Dereva akaja, akakaa pembeni ya wifi. Alibana kimoja kimoja kwa ncha za vidole, uso kauelekeza darini.

"Kaka, angalia unachofanya," wifi akamwambia. "Haing'ati."