Jembe la Paka

Nikisikia koleo la theluji likikwaruza zege asubuhi, hata kabla sijafungua macho, namwona Bibi yangu amejifunga kanga juu ya koti la Baba, anasukuma theluji kama anayepalilia mihogo.

Alikuja kwetu Toronto, mtaa wa Malvern, akitokea Pangani, mwezi wa Desemba, nikiwa darasa la tatu. Baba ni mwanawe. Siku mbili alikaa kwenye kochi akiletewa chai. Siku ya tatu tuliamshwa na mkwaruzo ule. Mama akatoka mbio na ndala.

"Mama! Majirani watasema tumekuleta utufanyie kazi!"

"Mgeni siku mbili, mwanangu, ya tatu mpe jembe. Hamkunipa, nimelichukua mwenyewe."

Chini ya ngazi za nje alikuwa amekuta paka wa manjano asiye na mwenyewe, sikio moja limekatika, masharubu yameshika barafu. Akamfunga ndani ya kanga akamwingiza. Mama ni muuguzi. Kwetu hata kiatu kilikuwa hakivuki mlango. Alitaka kumtoa palepale. Kisha, nadhani ile methali ilikuwa bado inamuuma, akairudisha.

"Sawa. Huyu naye ni mgeni. Siku ya tatu nione jembe lake. La sivyo, nje."

Mimi nilikuwa mtoto mwenye haya. Bibi akanivuta kando. "Mke mwenzangu," akanong'ona, maana ndivyo mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, "huko nje atakufa huyu. Mfundishe kukamata panya."

Nyumba yetu haikuwa na panya. Nikafunga soksi ya Baba kwenye uzi, nikatambaa nayo kutoka jikoni hadi sebuleni nikilia kwi, kwi. Paka alikuwa amejilaza sakafuni, juu ya tundu la hewa ya moto. Alinitazama kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Baba aliporudi akauliza mwalimu ni nani hapo na mwanafunzi ni nani.

Siku ya tatu paka alifanya kazi moja tu: alikula samaki wa Mama wa kukaanga, akabakisha miiba.

Mama alirudi kutoka zamu, akaiona sahani, akaufungua mlango wa nje. Baridi ikaingia kama mwenye nyumba. Paka akaitazama theluji, akamtazama Mama, kisha bila haraka akaenda akakaa juu ya miguu yake, akaanza kukoroma.

Miguu hiyo ilikuwa imesimama wodini tangu alfajiri.

"Inapata moto?" Bibi akauliza, sauti ndogo.

Mama hakusogea.

"We mtoto," akaniambia mwishowe, "funga mlango, tunaganda."

Paka akabaki. Bibi naye akawa analiwahi koleo kila theluji ilipoanguka. Nilidhani anaipenda theluji. Siku moja Baba akalificha ili apumzike. Bibi akanuna mchana kutwa, akaanza kukunja nguo zake. Nikaona ni ukaidi wa uzee tu. Leo ndipo naelewa: Mama alipoufungua ule mlango, wageni waliokuwa wakiutazama walikuwa wawili.

Mama alilielewa hilo mapema kuliko mimi. Kesho yake koleo lilikuwa limerudi pale mlangoni, mpini wake umezungushiwa kipande cha kanga, ili mikono ya Bibi isipate baridi.